Pesa kwa Simu Sokoni Nyamarambe: Corona Ilitufunza Nini Kuhusu Biashara Ndogo?

Mama mboga, fundi wa viatu, mwenye kibanda cha chipsi, jamaa wa boda: makala haya ni yenu. Wengi wenu mlianza kupokea malipo ya biashara kwa simu mwaka wa 2020, wakati wa Corona, na si kwa sababu mtu aliwaketisha darasani akawafunza. Mlianza kwa sababu mteja alisimama mbele ya meza, akasema hataki kushika noti, akauliza, "Nitume kwa nambari gani?" Mkampa nambari yenu ya kawaida, ile ile ya familia, ya chama na ya mkopo. Akatuma, akachukua mboga zake, biashara ikaendelea.

Corona ilipita, lakini mambo mengi yaliyoanza kwa haraka siku zile bado yako vile vile. Nambari ni ile ile moja. Hesabu bado iko kichwani. Na kila mwisho wa mwezi swali linarudi: pesa ziliingia kwa simu, meseji ziko, mbona za kununua stoki hazipo?

Leo tunaangalia nyuma ili tujue zinapotelea wapi. Tumechagua kuzungumzia Nyamarambe, kule Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu biashara ya kidijitali huandikiwa mtu wa Nairobi mwenye simu nzuri, stima ya uhakika na mtandao usiokatika. Nyamarambe inafanana zaidi na masoko mengi ya Kenya. Ndizi, chinsaga na managu hutoka shambani asubuhi. Anayeleta mzigo anataka noti mkononi. Simu za kubofya bado zinatumika, na mvua ikinyesha hujui kama stima itarudi leo au kesho.

Mambo yalivyoenda mwaka wa 2020

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya wapunguze kutumia pesa taslimu, na mitandao ya simu na benki zipunguze ada. Tarehe 16 Machi, Benki Kuu ya Kenya ikatangaza hatua zenyewe. Kutuma pesa hadi shilingi 1,000 kukawa bure. Kiwango cha juu cha kutuma mara moja kikapanda kutoka 70,000 hadi 150,000. Kiasi unachoweza kutumia kwa siku kikatoka 140,000 hadi 300,000.

Halafu mambo yakabana. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 ikaambiwa ibebe 8, na nauli ikapanda. Kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 7 Julai, hakukuwa na kuingia wala kutoka Nairobi kwa abiria. Mitumba kutoka nje ikasimamishwa, ikaja kuruhusiwa tena Agosti.

Ukitazama orodha hiyo kwa macho ya mtu wa sokoni, utaona kila hatua ilimgusa mfukoni. Kafyu ya saa moja ilikata masaa ya jioni, wakati watu wanatoka kazini na kununua mboga ya usiku. Lori za mizigo ziliruhusiwa kuingia Nairobi, kwa hivyo ndizi za Kisii ziliendelea kusafiri, lakini mwenye ndizi hakuweza kupanda matatu kwenda kuzisimamia. Ilibidi amwamini dereva na mnunuzi, kisha angoje pesa kwa simu. Aliyeuza mitumba alibaki akigawa marobota ya zamani.

Mwaka uliofuata, watu wa Kisii na Nyamira walipata raundi yao ya pili. Tarehe 18 Juni 2021, kaunti 13 za magharibi na kando ya ziwa, Kisii na Nyamira zikiwemo, ziliwekwa chini ya kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Masoko ya mifugo na ya bidhaa zisizo chakula yakafungwa kwa siku thelathini. Kama uliuza nguo au viatu, mwezi mzima ulikuwa na simu, wateja wanaokujua kwa jina, na basi.

Hapo ndipo pesa kwa simu zilipoacha kuwa jambo la kutuma nyumbani na kuwa kaunta ya duka. Benki Kuu ilipoongeza muda wa hatua zake mwezi Juni 2020, ilisema wateja kama milioni 1.6 zaidi walikuwa wameanza kutumia huduma za pesa kwa simu.  Huenda wengi wao ni watu waliokuwa wakishika noti kila siku.

Kutuma ilikuwa bure, kutoa haikuwa

Hili ndilo jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawakuliona mapema. Ada iliyoondolewa ilikuwa ya kutuma. Ada ya kutoa pesa kwa wakala ilibaki.

Fikiria muuzaji wa mboga. Mteja anamtumia shilingi 200, bure. Mwingine 150, bure. Jioni ana 1,000 kwenye simu. Lakini mkulima anayemletea managu alfajiri anataka noti, kwa sababu naye atalipa kibarua noti. Basi muuzaji anaenda kwa wakala. Kwa viwango vya M-PESA vya wakati huo, kutoa 1,000 kulikuwa shilingi 28. Mteja hakulipa kitu, mkulima hakulipa kitu, na aliyekaa katikati akalipa zote.

Shilingi 28 unaweza kuona ni kidogo. Hebu tuhesabu pamoja. Akitoa 1,000 kila siku kwa siku sita, analipa 168. Akingoja atoe 6,000 mara moja, kwa viwango hivyo hivyo analipa 84. Nusu nzima imeokolewa bila kuuza hata fungu moja zaidi. Kwa mtu ambaye faida yake kwa siku ni mia mbili au tatu, hiyo tofauti ya 84 ni unga wa ugali.

Lakini si kila mtu anaweza kungoja siku sita, tunajua. Stoki ya mboga haingoji. Ndiyo maana dawa kubwa ni kufanya pesa zisitoke kabisa. Ongea na anayekuletea mzigo. Mkulima akikubali alipwe kwa simu hata nusu tu, hiyo nusu haipiti kwa wakala. Mwenye duka la jumla akiwa na till, mlipe kwa till yake. Karo, stima, mchango wa chama, vyote vilipwe moja kwa moja kutoka kwenye simu. Ukifika kwa wakala, uwe umebakisha kile tu ambacho lazima kiwe noti.

Na bei yako? Weka ada ndani ya hesabu kabla hujapanga bei. Ada ya kutoa pesa ni gharama kama nauli ya boda na karatasi za kufungia. Anayeihesabu anajua faida yake halisi. Asiyeihesabu atashangaa kila jioni.

Laini moja, mifuko mitatu

Tulisema wengi walitoa nambari ile ile ya nyumbani. Hapo ndipo pesa nyingi za stoki hupotelea, na hakuna mwizi aliyeingia.

Laini yako ikiwa moja, pesa ya mteja inaingia mahali pamoja na pesa aliyokutumia kaka yako ya dawa ya mama na pesa ya chama unayoshika kama mweka hazina. Mtoto akiitisha pesa ya daftari, unaangalia salio, unaona 4,500, unatuma. Lakini kati ya hizo, 3,000 ni za kununua mahindi kesho. Salio halikuambii ipi ni ya nani.

Na kuna jambo lingine linalouma zaidi. Siku hizi ukipungukiwa unaweza kukamilisha malipo kwa mkopo wa papo hapo kwenye simu. Fuliza, kwa mfano, ilianza Januari 2019, kwa hivyo Corona ilipofika tayari ilikuwa mikononi mwa watu. Mkopo wa aina hii hulipwa vipi? Pesa yoyote ikiingia, deni linachukua chake kwanza. Sasa fikiria umekopa 1,500 kulipia mambo ya nyumbani. Asubuhi mteja analipa 1,200 ya mzigo. Meseji inakuja kwamba umepokea, unafurahi, ukiangalia salio ni sufuri. Mteja amelipa kweli, na wewe umelipa deni kweli. Ni stoki ya kesho iliyolipa chakula cha jana.

Hatusemi mkopo ni mbaya. Mkopo wa kununua mzigo ambao utauzwa wiki hii na kuleta zaidi ya ulichokopa ni chombo kama jembe. Mkopo wa kuziba pengo ambalo litakuwepo tena kesho ni shimo, na ada yake inaongezeka kila siku unapochelewa.

Njia rahisi ya kuzuia hili ni kutenganisha. Pata till ya biashara, au angalau laini ya pili ambayo kazi yake ni biashara peke yake. Pesa za till kwa kawaida hukaa mfuko wake hadi wewe mwenyewe uzihamishe. Kabla hujachukua till, uliza maswali matatu: Ada ya malipo inamkata mteja au inanikata mimi? Kutoa pesa kutoka till ni shilingi ngapi? Pesa zikilipwa kimakosa zinarudishwa vipi? Anayekuuzia till akishindwa kujibu hayo, hamia kwa mwingine. Hata akiwa ni sisi.

Programu za mkopo na majina ya wateja wako

Wakati wa Corona, watu wengi waliingia kwenye programu za mikopo za simu kwa sababu duka lilikuwa tupu na hakuna aliyekuwa na pesa ya kukopesha jirani. Baadhi ya programu hizo ziliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu. Mtu alibonyeza "kubali" bila kusoma. Alipochelewa kulipa, simu zikaanza kupigiwa wateja wake, mwalimu wa mtoto, hata mchungaji.

Kwa mfanyabiashara mdogo hiyo ni hasara mara mbili. Sokoni Nyamarambe, mtu anakukopesha gunia la mahindi kwa sababu anakuamini. Hakuna karatasi. Jina likishachafuliwa, hata ukilipa deni la programu, gunia halitakuja.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika kidogo. Aprili 2020, Benki Kuu ilizuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu CRB, na ikasema deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe kabisa. Desemba 2021 sheria ilibadilishwa ili wakopeshaji wa kidijitali wapewe leseni na Benki Kuu, na kanuni zake zikatoka Machi 2022. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ofisi ya Kamishna wa Data ambayo unaweza kuipelekea malalamiko.

Kwa hivyo kabla hujakopa, angalia kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Programu ikiomba kusoma majina na meseji zako zote, jiulize inazitaka za nini. Mwenye mboga hakuombi ufunguo wa nyumba yako ndipo akuuzie sukuma.

Meseji si pesa

Barakoa zilificha nyuso, watu walisimama mbali mbali, na kila mtu alikuwa na haraka ya kufika nyumbani kabla ya kafyu. Matapeli walipenda sana mazingira hayo. Mbinu zao bado ni zile zile, na tunazitaja hapa moja moja ili ukikutana nazo uzitambue.

Ya kwanza ni meseji ya uongo. Mteja anachukua bidhaa, anakuonyesha simu yake imeandika kwamba ametuma. Au wewe mwenyewe unapokea meseji inayofanana na ya kweli, ila imetoka kwa nambari ya mtu wa kawaida. Ukiwa na foleni ya watu watano na mikono ina udongo, ni rahisi kusema "sawa." Usiseme sawa. Angalia salio lako. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, lakini salio halidanganyi.

Ya pili ni ile ya "nimetuma kimakosa." Mtu anapiga, sauti ya huzuni, anasema alikuwa akimtumia mgonjwa hospitalini, anakuomba urudishe. Mara nyingi hakuna kilichoingia, na utatuma pesa zako mwenyewe. Wakati mwingine pesa zimeingia kweli, lakini ni za mtu mwingine aliyeibiwa. Jibu ni moja: mwambie awasiliane na mtandao wake ili muamala urudishwe kwa njia rasmi. Usirudishe mwenyewe. Ukiwa na roho nzuri sana, usizitumie pesa hizo, ziache zikae hadi jambo liishe.

Ya tatu ni ya mteja anayelipa kweli, anaondoka na mzigo, halafu anaomba mtandao umrudishie pesa akidai alikosea nambari. Kinga yako ni rekodi. Andika jina lililokuja kwenye meseji, saa, na kitu alichonunua. Ukipigiwa na mtandao kuulizwa, una la kusema.

Ya nne ni ya "huduma kwa wateja" feki. Anakuambia laini yako itafungwa, au umeshinda zawadi, au kuna msaada wa serikali wa Corona, mradi tu umsomee nambari fulani au ubonyeze namba anazokutajia. Hakuna mfanyakazi wa mtandao wowote anayehitaji PIN yako. Hakuna. Hata sisi. Mtu akiitaja PIN, kata simu, hata kama anajua jina lako lote na mahali ulipozaliwa.

Na sasa tuseme jambo ambalo watu huliogopa kwa sababu ya heshima. Wazee wengi Gusii huzungumza Ekegusii vizuri kuliko Kiswahili au Kiingereza, na meseji za pesa haziji kwa Ekegusii. Basi mzee humpa mjukuu simu asome, na PIN pia, ili mambo yaende haraka. Mjukuu huyo pengine ni mtoto mwema kabisa. Lakini PIN iliyojulikana na watu wawili si siri tena, na simu ya nyanya ikipita mikono mitatu sokoni, hakuna atakayejua ilivuja wapi. Mjukuu asome meseji, sawa. PIN aiingize nyanya mwenyewe. Kaa naye jioni mbili mfanye mazoezi ya kutambua mambo matatu tu: kiasi, jina, na salio. Pia badilisha lugha ya menyu iwe Kiswahili kama inamfaa zaidi. Hiyo ni heshima zaidi kuliko kumfanyia kila kitu.

Mtandao ukipotea

Kuna wakati Kisii ilikuwa na intaneti ya kutoka angani. Julai 2020, kampuni ya Loon ikishirikiana na Telkom Kenya ilianza kutoa intaneti ya 4G kwa maputo makubwa yaliyoelea juu sana, kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Kisii ilikuwa kati ya sehemu zilizotajwa. Watu walifurahi. Januari 2021 Loon ikatangaza kufungwa kwa sababu biashara haikulipa, na huduma ya Kenya ikafikia mwisho Machi mwaka huo.

Tunaikumbuka hadithi hiyo kwa sababu inafunza kitu. Teknolojia inaweza kuja kwa kishindo na kuondoka kimya kimya. Biashara yako isisimame juu ya kitu kimoja tu.

Habari njema ni kwamba kutuma na kupokea pesa kwa menyu ya simu hakuhitaji intaneti wala simu ya bei. Simu ya kubofya inatosha. Kinachohitajika ni mawimbi ya simu na betri. Kwa hivyo jipange hivi. Chaji simu usiku, usingoje asubuhi. Kama una nafasi, kuwa na laini ya mtandao wa pili, kwa sababu mara nyingi mmoja ukipotea mwingine upo. Baki na noti kidogo za kurudisha chenji.

Na mteja akituma, meseji ikakawia? Usimwambie atume tena. Hapo ndipo watu hulipa mara mbili na urafiki unaharibika. Angalieni salio pamoja, yako na yake. Kama pesa zimetoka kwake na hazijafika kwako, andika jina lake na kiasi, mkubaliane. Mteja wa kila siku unamjua, mpe mzigo. Usiyemjua, mwombe angoje au aache kitu. Sheria hiyo iwe moja kwa wote, ili asiwepo wa kusema umembagua.

Kuuza bila kuonana

Soko la nguo lilipofungwa 2021, waliokuwa na nambari za wateja wao walikuwa na mahali pa kuanzia. Picha ya gauni kwenye WhatsApp, bei chini yake, boda analeta, pesa kwa simu. Waliotegemea watu wapite mbele ya meza hawakuwa na wa kumpigia.

Majirani wetu wa Tabaka, wachongaji wa mawe ya sabuni, walionja hili kwa uchungu zaidi. Kazi zao huenda kwa watalii na kwa wanunuzi wa ng'ambo. Ndege za abiria za kimataifa zilisimama tarehe 25 Machi 2020 hadi 1 Agosti. Mchongaji anaweza kuwa na mikono ya dhahabu, lakini kama mnunuzi wa nje anamjua dalali tu, dalali akinyamaza, mchongaji hana nambari hata moja. Jiwe linabaki uani.

Somo ni kwamba orodha ya wateja ni mali, kama stoki. Andika nambari za wanunuzi wako wa kila mara kwenye daftari, siyo kwenye simu peke yake. Simu huanguka kwenye maji.

Ukiuza kwa kutuma mzigo, kubalianeni kabla: nani analipa boda, pesa zinatumwa kabla au baada ya mzigo kufika, na bidhaa ikiwa si ile inakuwaje. Kwa mteja mpya, nusu kabla na nusu akipokea ni mpango unaowalinda wote wawili. Na kabla hajatuma, mwambie jina litakalotokea kwenye simu yake. Akiona jina tofauti, asitume. Sekunde tano za kusoma jina zinaokoa siku tatu za kufuatilia pesa.

Ada ziliporudi

Hatua za dharura ziliisha tarehe 31 Desemba 2020. Kuanzia Januari 2021, ada za kutuma zikarudi, ingawa chini kidogo kuliko zamani. Kwa M-PESA, kutuma hadi shilingi 100 kulibaki bure. Kutuma 101 hadi 500 kukawa shilingi 6 badala ya 11 za zamani, na 501 hadi 1,000 kukawa 12 badala ya 15.

Sokoni, hesabu ikabadilika asubuhi moja. Mteja aliyezoea kutuma 300 bure sasa anauliza, "Nitume na ya kutoa?" Muuzaji anaona aibu kusema ndiyo, anaogopa kumpoteza kwa jirani. Kwa hivyo ananyamaza na kubeba gharama mwenyewe.

Sisi ni kampuni ya malipo na ada ndizo zinazotulipa mshahara, kwa hivyo hatuwezi kujifanya hatuna upande. Lakini tunaamini mteja anayejua anacholipa anakaa na sisi kuliko anayegundua baadaye. Ada hubadilika, na kodi ya serikali juu ya ada hubadilika pia. Usitegemee viwango vya mwaka jana wala vile tulivyotaja hapa juu. Angalia viwango vya sasa vya mtandao wako, viandike kwenye karatasi, bandika ndani ya kibanda. Halafu amua sera yako na uiseme wazi: labda kuanzia kiasi fulani unapokea kwa simu na ada ni yako, chini ya hapo ni noti. Mteja hukasirishwa na kushtukizwa kuliko anavyokasirishwa na bei.

Wiki hii ufanye nini?

Huhitaji kubadilisha kila kitu. Anza na haya:

1. Tenganisha pesa. Till au laini ya pili kwa biashara, laini ya zamani kwa nyumbani. Jilipe mshahara wako siku moja ya wiki.

2. Nunua daftari la shilingi chache. Kila jioni andika mambo manne: zilizoingia kwa simu, zilizoingia noti, zilizotoka, na ada zilizokatwa. Baada ya wiki mbili utajua biashara yako kuliko mtu yeyote.

3. Ongea na mtu mmoja anayekuletea mzigo kuhusu kulipwa kwa simu. Mmoja tu.

4. Hesabu mara unazotoa pesa kwa wakala kwa wiki. Jaribu kupunguza hadi nusu.

5. Badilisha PIN kama kuna mtu mwingine anayeijua. Hata kama ni mtu wa nyumbani.

6. Kabla hujatoa mzigo, angalia salio. Kila mara, hata kwa mteja aliyevaa suti.

7. Kama una deni la papo hapo kwenye laini unayopokelea malipo, lipa hilo kwanza kabla hujanunua stoki mpya, au peleka malipo ya wateja kwenye till.

Corona iliwasukuma watu wa Nyamarambe na masoko mengine kwenye pesa za simu kabla hawajajipanga. Walifanya walichoweza, na wengi walibaki kwenye biashara kwa sababu ya hiyo simu. Sasa hakuna kafyu. Kuna muda wa kukaa chini na kupanga kile kilichoanzishwa mbio mbio.

Ukikwama mahali, nenda kwa wakala unayemwamini au piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa nambari rasmi, ile unayoipiga wewe mwenyewe, si ile inayokupigia. Na kama una jirani sokoni asiyesoma makala kama haya, msomee sehemu ya meseji za uongo leo jioni mkifunga vibanda. Huyo ndiye tapeli anamngoja.